Kuchagua Oili ya Gari: Je, Nzito Ndiyo Njema?

Mji wa Babati umekaa penye njia panda. Barabara moja yatuletea wasafiri kutoka Arusha kwa kupitia Minjingu na Magugu. Ya pili yaelekea Katesh na Singida. Ya tatu yapanda Bereku na kushukia Kondoa hadi Dodoma, nayo tangu mwaka 2018, ilipofunguliwa rasmi, ni ya lami tupu. Penye njia panda hapakosi gereji, na penye gereji hapakosi mabishano. Katika mabishano yote niliyoyasikia kwa miaka niliyofundisha fizikia mjini hapa, hakuna lililorudiwa mara nyingi kama hili la oili: gari litiwe oili ipi? Na jibu lililozoeleka, ambalo fundi humpa dereva, dereva akampa utingo wake, na utingo naye akija kuwa dereva humpa mwingine, ni kwamba huku kwetu kuna joto, kwa hiyo tia nzito. Tia namba 40.

Makala hii yakusudia kulipinga jibu hilo. Silipingi lote, kwani lina ukweli wake ambao nitauonyesha, bali napinga desturi ya kulitoa kwa kila gari lipitalo mlangoni.

Nianze na mkasa ulionifanya nishike kalamu. Mwalimu mwenzangu alinunua motokaa ndogo ya petroli iliyokwisha kutumika Japani. Alikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, akawa akikatwa mshahara kila mwezi. Juu ya kifuniko cha tundu la kutilia oili palikuwa pameandikwa 0W-20, na ndani ya kisanduku cha gari mlikuwa na kitabu kizima cha maelezo, lakini kwa Kijapani. Siku ya kubadilisha oili tulikwenda pamoja. Fundi, mtu mwenye sifa njema na mikono hodari, alikitazama kile kifuniko, akacheka kwa upole. “Mwalimu,” alisema, “hiyo nyepesi ni ya Wajapani wenye theluji. Huku kwetu itakuwa maji. Hutafika hata Magugu.” Akapima lita nne za namba 40 kutoka pipani, akazimimina. Mwenzangu hakusema neno, nami nikanyamaza.

Baada ya miaka miwili injini ile ilianza kupiga kelele asubuhi, mfano wa debe lililotiwa changarawe, kwa sekunde chache tu, kisha hutulia. Mwaka uliofuata ikazimika njiani na haikuwaka tena. Ilipofunguliwa, njia za oili zilionekana zimejaa tope jeusi mithili ya lami, na mnyororo uendeshao valvu ulikuwa umelegea na kula meno yake. Sitasema kwamba namba 40 peke yake ndiyo iliyoiua injini ile. Mwenzangu alikuwa na tabia ya kupitisha muda wa kubadilisha oili, na oili ya pipani hakuna aliyejua kwa hakika ilikuwa kitu gani. Hata hivyo sehemu ya lawama ni ya uzito ule, na makato ya mkopo yaliendelea mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya gari lililosimama juu ya mawe.

Linaloniudhi mpaka leo ni kwamba yule mwenzangu alikuwa mwalimu wa fizikia kama mimi. Sote wawili tulikuwa tumefundisha habari za msuguano na mnato, tukachora michoro na kusahihisha majibu. Tulipofika gerejini, elimu ile tuliiacha mlangoni. Nadhani sababu mojawapo ni lugha: sekondari zetu hufundisha fizikia kwa Kiingereza, nayo gereji hufundisha kwa Kiswahili, na kati ya neno la kitabuni na neno “nzito” la fundi hakuna aliyejenga daraja. Basi tujaribu kulijenga.

Watu wengi wadhani kwamba oili huulainisha uso wa chuma kama vile mafuta ya kupaka yanavyoilainisha ngozi. Sivyo hasa. Mwaka 1883 mhandisi mmoja wa Uingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akichunguza beringi za mabehewa ya gari la moshi. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, na alipoizungusha ekseli aliona oili ikipanda kupitia tundu lile na kumwagika. Akaliziba kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Akaliziba kwa kigingi cha mti, nacho kikatoka. Ndipo alipofunga kipimo cha kanieneo, akakuta kwamba oili iliyomo ndani ilikuwa ikisukuma kwa nguvu iliyozidi mara mbili ya wastani wa mzigo ulioikalia beringi. Kumbe chuma hakikuwa kikigusa chuma. Ekseli ilikuwa ikielea! Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu jambo hilo: mzunguko wa ekseli huivuta oili na kuipenyeza katika nafasi iendayo ikipungua, na oili, kwa kuwa haikubali kupita upesi, hujijengea nguvu ya kuubeba mzigo. Utando huo ubebao mzigo, katika injini zetu, unene wake ni sehemu chache za elfu za milimita.

Uwezo wa utando huo hutegemea mambo matatu: kasi ya mzunguko, uzito wa mzigo, na mnato, yaani ule ukinzani wa oili dhidi ya kutiririka. Mnato ukiwa mdogo mno, utando hupasuka na chuma hukutana na chuma. Ukiwa mkubwa mno, injini hupoteza nguvu kwa kuikoroga oili yake yenyewe, na oili huchelewa kufika inakohitajiwa. Mjerumani Richard Stribeck alilionyesha hili kwa vipimo vyake vya mwaka 1902: msuguano hushuka, hufika mahali pa chini kabisa, kisha hupanda tena. Ndiyo kusema kwamba kwa kila injini kuna mnato unaofaa, na mhandisi aliyeibuni ndiye aliyepima nafasi kati ya vyuma vyake. Aliyetoboa njia za oili zenye upana wa sindano hakuwa na namba 40 akilini.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe. Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SAE, kilianza kuzipanga oili kwa mnato mwaka 1911. Namba 20, 30, 40 na 50 si kipimo cha ubora, wala si asilimia, wala si uzito wa mizani. Ni madaraja tu ya mnato wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Sentigredi. Oili yenye mnato kati ya milimita mraba 12.5 na 16.3 kwa sekunde katika joto hilo huitwa 40. Yenye kati ya 9.3 na 12.5 huitwa 30. Maji ya kawaida, kwa kulinganisha, yana mnato wa 1 hivi. Herufi W ni ya kwanza katika neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, na namba iliyotangulia herufi hiyo yaeleza jinsi oili inavyokubali kuzungushwa na kusukumwa ikiwa baridi: kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyobaki nyepesi asubuhi. Basi 15W-40 na ile namba 40 ya kawaida, injini ikiwa imepata moto, ni za daraja moja. Tofauti yao huonekana alfajiri. Nimekutana na madereva wa miaka mingi waliokuwa wakiamini kwamba 15W-40 ni “nyepesi” na kwamba ikipata moto huwa maji. La hasha, ni 40 kama nduguye.

Wengine huuliza yawezekanaje oili moja iwe na namba mbili. Jawabu ni kwamba oili nyepesi hutiwa kemikali zenye molekuli ndefu mfano wa nyuzi. Katika baridi nyuzi hizo hujikunja na hazizuii mtiririko. Zipatapo joto hujinyoosha na kuzuia oili isilegee kupita kiasi. Nyuzi hizo hukatika kidogo kidogo kwa kusagwa na injini, na hii ni mojawapo ya sababu za oili kuchakaa.

Na lile joto letu? Hapa ndipo penye kiini cha ubishi. Fundi asemapo “huku kuna joto” humaanisha jua la nje. Lakini oili haiishi nje. Injini ina thamostati, kijilango kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie joto la nyuzi 80 na kitu au 90. Likisha kupata moto, gari la Babati, la Dar es Salaam na la Tokyo yote huwa na maji ya joto karibu sawa, na oili yake huchezea nyuzi 90 hadi 110. Tena hao Wajapani tunaowasingizia theluji tu, mwezi Agosti jiji lao la Tokyo hupata mara nyingi joto la nyuzi 35 au zaidi, na magari yao hutembea katika foleni na 0W-20 ndani. Babati, mji ulio zaidi ya meta 1,300 juu ya bahari, si mara nyingi kupata joto la namna hiyo. Kama kuna mahali pa kuiogopa oili nyepesi kwa sababu ya jua, si hapa petu penye kuvaa sweta mwezi wa Julai.

Na hiyo Julai ndiyo ihukumuyo. Tuseme asubuhi moja joto ni nyuzi 12. Nimepiga hesabu kwa kutumia mnato wa kawaida wa oili zinazouzwa madukani: katika joto hilo 0W-20 ina mnato wa takriban 165, 5W-30 kama 260, 15W-40 kama 530, na namba 40 isiyo na W yakaribia 1,000. Yaani pampu ya injini iliyobuniwa kwa 0W-20, mwenye gari awashapo, hupewa kazi ya kusukuma kitu kizito karibu mara sita. Katika sekunde hizo za kwanza, kabla oili haijafika juu, vyuma husuguana vikavu. Ile sauti ya debe lenye changarawe tuliyoisikia kwa mwenzangu ilikuwa ni mnyororo uliokosa kukazwa, kwa sababu kikazio chake huendeshwa kwa kanieneo ya oili, nayo oili haikuwa imefika.

Injini za siku hizi zimeongeza kisa kingine. Nyingi hutumia oili kama mkono wa kufanyia kazi: ndiyo igeuzayo mtaimbo wa valvu mbele na nyuma kidogo ili zifunguke kwa wakati ufaao. Kuitia oili nzito injini ya namna hiyo ni sawa na kumwamrisha mpiga zeze avae glovu za mchomeleaji.

Nikisema haya sitaki mafundi wetu wadharauliwe. Namba 40 ilikuwa oili sahihi kwa magari mengi waliyojifunzia wao au walimu wao. Injini za enzi zile zilikuwa na nafasi pana kati ya vyuma, pampu imara, na hazikuwa na kikazio wala mkono wa oili. Hata leo Fuso lililobeba mahindi, au Land Cruiser ya dizeli ya zamani ipandayo Bereku kwa gia ya pili, hustahili oili ya daraja la 40, ingawa ningeshauri iwe 15W-40 badala ya namba 40 tupu. Hali kadhalika injini kuukuu, ambayo ringi zake zimelika na oili yaunguzwa kwa moshi wa buluu, yaweza kusaidiwa kwa muda na 20W-50, maana nafasi zake zimepanuka. Hiyo ni dawa ya mzee, haifai kupewa mtoto. Na vitabu vya magari vilivyoandikwa kwa nchi mbalimbali aghalabu huwa na chati ya kuonyesha oili zaidi ya moja kwa joto tofauti. Mwenye gari akiona humo 15W-40 imeruhusiwa, na aitumie bila hofu. Ninachokataa ni kuchagua bila kutazama chati.

Namba ya mnato ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni herufi mbili zitanguliwazo na API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili imekusudiwa injini za petroli. Ikiwa C, za dizeli. Ya pili huonyesha kizazi: kwa petroli, SF ilitoka mwaka 1980, SJ 1996, SN 2010, SP 2020, na SQ 2025. Kwa kawaida iliyo mbele katika alfabeti yaweza kuchukua nafasi ya iliyo nyuma, lakini iliyo nyuma haiwezi kuchukua nafasi ya iliyo mbele. Mtu atiaye oili ya SF katika gari la mwaka 2015 hupata mnato labda uliofaa, lakini hukosa kemikali za kuzuia tope na za kuulinda mnyororo ambazo miaka thelathini na mitano ya utafiti iliziongeza. Katika maduka yetu utaikuta galoni ya SF kando ya galoni ya SN, na mnunuzi huchukua iliyo rahisi kwa kuwa zote zimeandikwa 40.

Kwa injini za dizeli mambo ni hayo hayo kwa herufi nyingine, CF-4, CI-4, CK-4, na oili zake huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kubeba masizi na kuua asidi itokanayo na salfa ya mafuta. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni kuanzia mwaka 2015, jambo lililoipunguzia oili mzigo. Lakini wenye magari madogo mapya ya dizeli yenye kichujio cha masizi katika bomba la moshi wajihadhari: hayo hutaka oili yenye majivu machache, na kuyatia oili ya lori ni kukiziba kichujio chenye bei ya kutisha.

Nina neno pia kwa vijana wa bodaboda, ambao baadhi yao nimewafundisha. Katika pikipiki nyingi klachi imezama katika oili ile ile ya injini. Oili nyingi nyepesi za motokaa hutiwa kemikali za kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano. Matokeo yake ni pikipiki inayonguruma kilimani bila kwenda, kijana akidhani klachi imekwisha na kwenda kununua nyingine. Atazame kopo lenye alama ya JASO MA, ambayo Wajapani waliiweka mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya pikipiki hasa.

Kuna imani nyingine ambayo haina budi kuguswa: kwamba oili ikigeuka nyeusi upesi ni mbaya. Mara nyingi ni kinyume chake. Oili njema ina sabuni ndani yake. Huyatoa masizi yaliyogandamana na kuyabeba yakielea hadi siku ya kumwagwa. Oili ikaayo miezi sita ya kazi ikiwa safi kama asali huenda imeyaacha masizi hayo ukutani mwa injini. Wala rangi haituambii umri wake. Safari fupi fupi za kutoka Maisaka kwenda sokoni na kurudi, ambapo injini haipati moto kamili, huiharibu oili kuliko safari ndefu ya kwenda Singida, kwa sababu mvuke wa maji na petroli isiyoungua hubaki ndani bila kukauka. Vumbi la njia za vijijini nalo hula muda wake. Kitabu kisemapo kilometa 10,000 kwa hali nzuri, mara nyingi ukurasa huo huo husema nusu yake kwa hali ngumu, na gari la Babati liendalo mashambani limo katika hali ngumu.

Ama kuhusu oili ya kupima kutoka pipani, sioni cha kuitetea isipokuwa bei. Pipa halina mhuri wa kukatwa, halina namba ya toleo unayoweza kuisoma, na lebo yake ya kwanza yaweza kuwa imedumu kuliko oili yake ya kwanza. Tunalo Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 1975, na mamlaka ya EWURA hutoa leseni za biashara ya vilainishi. Lakini mkaguzi hawezi kusimama mlangoni pa kila duka. Mnunuzi na adai kopo lililofungwa, avunje mhuri mwenyewe, na akiisha kulimimina alitoboe kopo lile, maana makopo matupu yaliyo mazima yana wanunuzi wake.

Oili ikisha kumwagwa huenda wapi? Baadhi hupakwa nguzo na mbao ili mchwa wasile, baadhi humwagwa ardhini nyuma ya gereji, na mvua za masika hujua pa kuipeleka. Mji wetu una ziwa mlangoni, lenye perege, kambale na viboko, na maji ya mtaroni huteremkia bondeni kama maji yote. Mwanafunzi apige hesabu: lita 4 za oili, zikitandazwa juu ya maji kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, zatosha kufunika meta mraba 4,000, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Hilo ni gari moja. Tena oili iliyotumika ina chembe za metali na masalio ya moto ambayo haikuwa nayo dukani. Ndiyo maana sheria huihesabu miongoni mwa taka za hatari, na fundi aioshaye mikono yake kwa petroli kila jioni angefaa kuambiwa hivyo na mtu aliyesoma kemia. Halmashauri ikiweka mapipa mawili tu ya kukusanyia, moja upande wa barabara ya Singida na jingine upande wa Dodoma, itakuwa imeanza.

Lakini niliahidi kujenga daraja kati ya darasa na gereji, nami nitaeleza tulivyolijaribu. Julai iliyopita wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walitafuta mirija mitatu ya kioo yenye urefu wa sentimeta 30 na upana sawa. Wa kwanza tuliujaza 5W-30 kutoka kopo lililofungwa, wa pili namba 40 kutoka kopo lililofungwa. Usiku kucha tuliiacha katika ndoo ya maji nje ya maabara. Alfajiri tulidondosha katika kila mrija gololi ndogo ya baiskeli, mmoja akishika saa. Katika 5W-30 gololi ilifika chini kabla ya sekunde 3. Katika namba 40 ilichukua 8, ikishuka kwa makini kama mzee ashukaye ngazi. Kisha tuliitia mirija katika maji ya moto kutoka chupa ya chai, na mara hii gololi zote mbili zilifika chini kabla mshika saa hajawahi kubonyeza. Darasa zima lilipiga kelele. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi.

Yule fundi nilimwalika, naye kwa uungwana wake alikuja, akasimama nyuma na mikono yake mgongoni. Alipoona yote aliuliza kama mrija wa tatu ulikuwa wa kazi gani. Nilimwambia umebaki kwa ajili yake, kama atakubali kutuletea kidogo ya namba 40 ya pipani. Alituma kijana wake mchana ule ule. Tuliulaza mrija nje kama wenzake, na asubuhi ya pili, maji yakiwa na baridi ile ile, tukadondosha gololi. Tuliirudia mara tano, fundi mwenyewe akishika saa mara mbili za mwisho. Namba 40 ya kopo ilikuwa sekunde 8. Namba 40 ya pipani ilikuwa 4.